Kompyuta ya Mama: Tulivyokosea Kwanza, na Tulivyorekebisha

Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya jambo ambalo wengi mmekuwa mkiniuliza pale kwenye chumba cha kompyuta, na wengine mkinisimamisha njiani na jerikeni kichwani: "Mwalimu, mtoto wetu aliyeko ng'ambo ametuma pesa kidogo, anataka tumnunulie bibi kompyuta. Tununue ipi?" Wengi hutegemea nitaje jina la mashine moja, halafu waende zao. Siwezi. Ila naweza kuwasimulia yaliyotokea nyumbani kwangu, maana mimi ninayefundisha kompyuta hapa Nakivale ndiye niliyenunua vibaya kuliko wote.

Kaka yangu alipelekwa Marekani na familia yake mwaka 2016. Mama alibaki na mimi kwa kuwa jina lake liko kwenye faili langu. Huko wamezaliwa wajukuu wawili ambao mama hajawahi kuwashika. Alikuwa akiwaona kwenye simu yangu tu, na simu yangu mnaijua: kioo kimepasuka, halafu mchana kutwa natembea nayo kazini. Kaka akipiga, mama yuko nyumbani, mimi niko Base Camp. Nikirudi jioni, huko watoto wako shule. Basi ikawa mama anawaona wajukuu mara moja kwa mwezi, ao hata hiyo moja hapana.

Mwezi wa tano mwaka 2025 kaka akatuma dola 150. Zilipoingia kwenye simu zilikuwa kama shilingi laki tano na arobaini elfu. Wakati huo huo, mnakumbuka, mgao ulikuwa umeshapunguzwa tangu 2023 watu walipopangwa makundi, na mwaka huo huo wa 2025 wengi wetu tukaondolewa kwenye orodha kabisa. Mke wangu aliangalia ule ujumbe wa pesa akasema: "Kompyuta haipikwi." Sikuwa na jibu. Nilimpigia kaka, nikamwambia hali yetu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Ya posho nitatuma ingine mwisho wa mwezi. Hii ni ya mama kuniona."

Kwa hiyo pesa ilikuwa moja, na nafasi ilikuwa moja. Nikipoteza hiyo, hakuna nyingine.

Nilivyodanganywa na macho yangu mwenyewe

Nilipanda gari kwenda Mbarara bila kumuuliza mama hata neno moja. Nilijua mwenyewe. Nilijisemea: mama ni mtu mzima, ana miaka 71, macho yamechoka, basi anahitaji kioo kikubwa. Nikaingia duka moja la vitu vilivyotumika, muuzaji akanionyesha laptopu ya inchi 15, nyeusi, nzito, inang'aa. "Hii ya Ulaya," akaniambia, "bado mpya." Nikaiwasha, ikawaka. Ilikuwa imechomekwa kwenye umeme muda wote na sikuichomoa hata mara moja. Nikalipa laki nne na thelathini. Nikaongeza inveta ya elfu sitini, kwa sababu nyumbani tuna sola tu.

Ndugu zangu, niliyoyakuta nyumbani nitayasema yote, kwa faida yenu.

Kwanza betri. Nilipoichomoa tu ile chaja, mashine ilikaa dakika kumi na mbili ikazima. Betri ya laptopu ni kama mtu mzee: inaonekana nzima, lakini haiwezi kubeba tena.

Pili, chaja yenyewe iliandikwa wati 90. Paneli yetu ni ya wati 50. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaifanya, lakini mimi sikuifanya. Paneli ya wati 50 inatoa 50 jua likiwa kali kabisa katikati ya mchana, siku nyingi ni chini ya hapo. Juu yake inveta nayo inakula yake, kwa sababu inageuza umeme wa betri kuwa kama ule wa ukutani, halafu chaja inaugeuza tena urudi kuwa mdogo. Umeme unapotea njiani mara mbili. Siku ya kwanza tulipoitumia, saa mbili usiku taa za nyumba nzima zilizima, watoto wakiwa katikati ya mazoezi ya shule. Mke wangu hakusema kitu. Aliwasha mshumaa, akaniangalia.

Tatu, ilikuwa na Windows 7. Microsoft waliacha kuitunza hiyo mwezi wa kwanza mwaka 2020, na tangu mwanzo wa 2023 hata Chrome mpya haikubali kuingia humo. Kila tulipojaribu kufungua ukurasa wa kupigia video, ilituambia tuboreshe. Tungeboreshaje?

Na nne, ndiyo iliyoniuma zaidi, mama mwenyewe. Alijaribu kuinyanyua kutoka mezani aiweke kitandani, akashindwa. Ilikuwa karibu kilo tatu. Akasema, kwa Kiswahili chetu cha Fizi: "Mutoto wangu, hii ni masini ao ni jiwe ya kusagia?" Kesho yake nilikuta ameifunika kitenge na kuweka taa juu yake. Ikakaa hivyo wiki tatu, kama meza.

Swali ambalo ningeuliza tangu mwanzo

Jumapili moja baada ya ibada nikakaa naye chini ya mti nikamuuliza: "Mama, ukiwa na kompyuta, unataka ikufanyie nini?" Nilidhani atasema hajui. Kumbe alikuwa na majibu yote.

Alitaka kuona watoto wa kaka, wakicheka, si picha. Alitaka kusikia nyimbo za kwaya za kule nyumbani bila kumwomba mtoto wangu simu. Alitaka picha ya baba, ile moja tuliyotoka nayo, iwekwe mahali ambapo mvua haitaifikia. Halafu akanyamaza, akachora chora chini kwa kijiti, akasema: "Na miye nataka kuandika majina." Majina gani, mama? "Ya watu wetu. Nani alizaa nani. Nikifa, wale watoto wa Marekani watajua wao ni nani?"

Mama alisoma mpaka darasa la nne kwa wamisionari. Anasoma Biblia yake ya Kiswahili akiwa na miwani. Kuandika kwa mkono kumekuwa kugumu kwa sababu vidole vinatetemeka. Lakini herufi anazijua zote.

Angalieni sasa. Katika hayo manne hakuna hata moja linalohitaji mashine yenye nguvu. Kioo cha inchi kumi na moja kinatosha, ukiongeza ukubwa wa maandishi. Nguvu anayoihitaji mama ni ya betri, si ya kitu kingine. Ningemuuliza kwanza ningeokoa pesa ya mtu aliyeamka usiku kufanya kazi ya kiwanda ili aitume.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kununua, anza hapo. Na nasema kweli, mara nyingine jibu litakuwa si kompyuta. Nina jirani, baba mzee, hasomi, haoni vizuri, anachotaka ni kusikia neno la Mungu na habari. Huyo alinunuliwa redio ndogo yenye tundu la fleshi na memori kadi, wakamjazia masomo ya Biblia yaliyosomwa kwa sauti. Ana vitufe vitatu tu vya kukumbuka. Ameridhika kabisa, na betri yake inachajiwa na paneli ndogo ya taa. Mwingine atatosheka na simu ya kitochi yenye vitufe vikubwa, basi. Usimnunulie mzazi kitu kwa sababu jirani amenunua.

Jambo lingine: miwani kwanza. Mama fulani wa kwetu Juru alilalamika kwamba simu aliyotumiwa ni mbovu, haina mwanga. Kumbe alikuwa na mtoto wa jicho. Hakuna kioo cha kompyuta kinachoponya mtoto wa jicho. Mpeleke kituo cha afya apimwe ndipo uende dukani.

Vidole vilivyoshika jembe

Baada ya kushindwa na ile mashine nzito, nilifikiri tableti. Na kwa wazazi wengi naipendekeza mpaka leo. Ni nyepesi, haina waya nyingi, inachajiwa kwa chaja ile ile ya simu, umeme inaokula ni mdogo. Paneli ndogo ya wati 20 ikiwa juani inaweza kuijaza mchana, na jioni bado unabaki na taa. Lugha unaweza kuigeuza yote iwe Kiswahili. Nikaazima tableti ya mwenzangu nikampelekea mama ajaribu kabla ya kununua. Hapo angalau nilikuwa nimejifunza.

Mama akagusa picha ya kaka. Hakuna kilichotokea. Akagusa tena, akabonyeza kwa nguvu. Wapi. Mtoto wangu wa miaka saba akagusa mara moja, ikafunguka. Mama akajaribu tena, haikufunguka. Akarudisha mikono yake mapajani akaificha ndani ya kitenge, kama mtu aliyeaibika.

Nilifikiri tableti ina kasoro. Baadaye nikaelewa. Kioo cha kugusa hakisikii nguvu, kinasikia umeme mdogo sana ulio katika ngozi ya mtu. Ngozi ikiwa kavu na ngumu, umeme huo haupiti vizuri. Mama ameshika jembe tangu akiwa binti, hapa amelima tena viwanja vyetu, ncha za vidole vyake ni kama ngozi ya ngoma. Ile mashine haikumtambua kama mtu! Nilimweleza hivyo akacheka, lakini si sana.

Kuna dawa ya hilo. Ukipaka mafuta kidogo mikononi na kufuta, inasaidia. Vilevile kuna kalamu ya kioo, ile yenye ncha laini ya mpira, si ghali, na wazee wengi wanaipenda kuliko kidole kwa sababu haifuniki kile wanachokisoma. Kama mzazi wako ana tableti na "haimsikii", mtafutie hiyo kalamu kabla hujamwambia kwamba hajui. Ila mama alikuwa na jambo la majina. Kuandika majina mengi kwa kalamu juu ya kioo ni mateso. Kitufe cha kibodi kinabonyezwa hata na kidole kigumu. Kikibonyezwa kinashuka, unasikia. Mama alipojaribu kibodi ya pale chumba cha kompyuta aliandika jina lake lote kwa dakika mbili. Hapo tukajua ni laptopu, lakini ndogo.

Kutafuta ile ndogo

Wale wa umri wangu mtakumbuka habari za kompyuta ndogo za bei nafuu. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC, kioo cha inchi saba, chini ya kilo moja. Mwaka huo huo zikaanza kutengenezwa zile za watoto za mradi wa One Laptop per Child, zilizotangazwa kwamba zitakuwa za dola 100 lakini zikafika karibu 200, na ndugu zetu wa Rwanda walizichukua nyingi kwa shule zao. Baada ya hapo kila kampuni ikatengeneza vilaptopu vidogo, mpaka tableti zilipoanza kununuliwa sana na kufika 2013 Asus na Acer wakaacha kuvitengeneza. Naeleza haya kwa sababu vile vidogo vya miaka ile bado vinazunguka sokoni, vimepakwa rangi, vinauzwa kwa bei ya kuku watatu. Usinunue. Kumbukumbu yake ni GB moja ao mbili, na kurasa za intaneti za siku hizi ni nzito, kitakwama pale pale unapotaka kumwona mjukuu.

Kinachofaa ni kile cha inchi kumi na moja ao kumi na mbili ambacho kilitumika shuleni ao ofisini huko nje, chenye kumbukumbu isiyopungua GB 4 na diski ya SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya kuzunguka haipendi kuanguka, na nyumba zetu za udongo mnazijua, meza haikai sawa. Tena jihadhari na vile vipya vya bei rahisi vyenye nafasi ya GB 32 na Windows ndani. Windows peke yake inajaza karibu yote, siku ya kusasisha inakosa pa kukaa, na mzazi anabaki na ujumbe wa lawama kila akiwasha.

Niliuza ile nyeusi kwa laki mbili na sabini. Hasara ya laki moja na sitini, na ninaiandika hapa ili iniume vizuri. Inveta nikaiuza elfu arobaini. Pamoja na elfu hamsini iliyokuwa imebaki, nikawa na laki tatu na sitini. Nikarudi Mbarara, duka lingine, na safari hii nilienda na kijana mmoja mwanafunzi wangu ambaye haoni haya kumuuliza muuzaji maswali.

Tulipofika, kitu cha kwanza kijana alichofanya ni kuchomoa chaja. Muuzaji akasema, "Itazima, haijajaa." Kijana akasema, "Basi tungoje ijae," akakaa kwenye kiti. Tulingoja saa nzima. Baadaye tukaichomoa, tukaiacha ikicheza video nusu saa huku tukiangalia asilimia zinavyoshuka. Ya kwanza ilishuka kutoka mia hadi arobaini, tukaiacha. Ya pili ilishuka hadi themanini na saba, hiyo tukaendelea nayo. Tukabonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, tukiangalia kama kila herufi inatokea. Tukafungua kamera tukajiona. Tukajirekodi sauti tukajisikia, maana kuna mashine zinazosikika vizuri lakini kipaza sauti chake kimekufa, halafu mtoto wa Marekani anabaki anasema "haloo, haloo". Tukafungua na kufunga kifuniko mara nyingi tuone bawaba. Tukasoma chaja: wati 45.

Muuzaji alituletea pia Chromebook mbili, bei nzuri. Hizo si mbaya kwa mzazi, ni nyepesi na ni rahisi kuelewa, lakini zina mambo mawili ya kuangalia. Kila moja ina tarehe yake ambapo Google huacha kuitunza, inaonekana kwenye mipangilio, na ya zamani inaweza kuwa imeshapitwa. La pili, nyingi zilikuwa za shule, na kama shule haikuzifungua, ukiiwasha inakuomba anwani ya shule ambayo huna na hutaipata. Mojawapo ya zile mbili ilikuwa hivyo hivyo. Tukairudisha. Simu na tableti zilizotumika zina shida hiyo hiyo: mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na aiwashe upya. Ikiuliza akaunti ya mwenyewe wa kwanza, ondoka.

Tulipatana laki tatu na thelathini. Elfu kumi na tano nikanunua mausi ya waya, kwa sababu kile kibao cha kuteleza chini ya vitufe ni sawa na kioo cha kugusa, hakipendi vidole vya mkulima. Zilizobaki, pamoja na kidogo kutoka mfukoni mwangu, zilienda kwenye adapta ya gari. Hii wengi hamuijui: ni kichaja kinachochomekwa moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12 na kuipandisha hadi volti inayotakiwa na laptopu. Hakuna inveta katikati, hakuna upotevu mwingi. Angalia tu volti na wati zilizoandikwa chini ya laptopu zilingane nayo, na kichwa cha waya kiingie. Tunachaji mchana jua likiwa kali, usiku mama anatumia betri ya laptopu, taa zetu haziguswi. Mke wangu tangu hapo hana kesi na mimi.

Kuiweka iwe ya mama

Mashine ilikuja na Windows 10. Hiyo nayo Microsoft waliacha kuitunza kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa kompyuta nyingi za zamani, kama hii yetu. Usiogope. Kijana yule akaweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, haiombi leseni, na inakimbia vizuri kwenye GB 4. Mtu aliyezoea Windows atauliza uliza siku mbili tatu, lakini mama hakuzoea chochote, kwa hiyo kwake hakukuwa na cha kusahau.

Tuliondoa kila kitu kwenye kioo tukaacha picha nne kubwa: Watoto, Nyimbo, Baba, Majina. Maandishi tukayakuza, mshale wa mausi tukaukuza mara tatu. Nenosiri la kuingilia tukaliandika kwenye karatasi ndani ya Biblia yake. Najua wataalamu watanikemea, lakini mzee aliyefungiwa nje ya kompyuta yake mwenyewe haongozwi na wataalamu, anaongozwa na aibu, na hataiwasha tena.

"Watoto" inafungua kiungo kimoja cha Google Meet kisichobadilika. Kaka naye anacho. Wale mliozoea Skype mjue ilifungwa mwezi wa tano 2025, msimtafutie mzazi hiyo. Na wanaotaka WhatsApp kwenye kompyuta mkumbuke kwamba kwa kawaida inafungamana na simu. Simu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, kompyuta inatolewa. Intaneti tunachukua kutoka simu ya mke wangu. Hapo mama bado anamhitaji mtu, sitaficha. Na video inakula bando kuliko sauti, mara nyingi zaidi. Tulipanga Jumapili saa moja usiku. Kwao ni saa sita mchana, na majira yao ya baridi ni saa tano asubuhi. Dakika za kwanza video, mama aone meno ya yule mdogo. Halafu wanazima kamera na kuendelea kwa sauti tu. Bando moja linatosha mwezi.

Kufundisha kulichukua muda. Kosa langu lilikuwa kushika mausi mwenyewe kila alipokwama. Binti yangu wa miaka kumi na miwili ndiye mwalimu bora. Anakaa juu ya mikono yake, kweli kabisa, anaikalia, na kumwambia bibi, "Angalia upande wa kushoto, bibi, pole pole." Somo moja kwa siku, robo saa, jambo moja tu. Kuwasha na kuzima kulichukua siku tano. Hatukuongeza la pili mpaka la kwanza limekaa.

Kuna jambo moja lazima niwaonye. Mzazi akishaingia kwenye intaneti, waongo nao wanamwona. Mwezi wa pili tu mama alipokea ujumbe wa mtu aliyejiita afisa, eti jina lake limetoka la kusafiri, atume pesa kidogo ya fomu. Mama alikuwa ameshaanza kuuliza akiba ya kikundi chao. Ndugu zangu, kuhamishwa kwenda nchi ya tatu hakulipiwi, huduma za UNHCR ni bure, na anayeomba pesa kwa jina hilo ni mwizi. Mwambie mzazi wako kabla hajaandikiwa, si baada. Na umwambie kwamba akiulizwa pesa, akuite, wala hutamcheka.

Majina

Anaandika asubuhi, kabla jua halijawa kali, akiwa amekaa mlangoni na mashine mapajani. Kilo moja na robo, haimsumbui. Anatumia kidole kimoja cha mkono wa kulia. Alianza na baba yake, akapanda hadi babu wa babu, halafu akashuka upande wa mama yake. Akifika kwa mtu aliyekufa vitani anasimama siku hiyo, anafunga kifuniko, anaenda shambani. Siku nyingine anaendelea na jina linalofuata. Pale ambapo kuandika kunamchosha, tunamrekodi kwa sauti, binti yangu anaandika baadaye. Kila Jumamosi tunahifadhi nakala kwenye fleshi inayokaa ndani ya mkebe wa majani ya chai, na nyingine inatumwa kwa kaka. Kompyuta inaweza kuibiwa ao kulowa. Picha ya baba nayo iko sehemu zote hizo.

Juzi kaka alisema watoto wake wamechapisha ukurasa wa kwanza na kuubandika ukutani. Yule mdogo alimuuliza mama kwenye video kwa Kiswahili chake cha Kimarekani: "Bibi, huyu wa hapa juu ni nani?" Mama akasogeza uso karibu na kamera mpaka tukaona pua tu, akaanza kumweleza. Bando liliisha kabla hajafika kwa watoto wa huyo mtu. Wataendelea Jumapili.

Wanaotaka kusaidiwa kukagua mashine kabla ya kununua, waje chumba cha kompyuta Jumanne ao Alhamisi baada ya saa nane. Njooni na mzazi mwenyewe.